Shingo Yangu na Mkwe Asiyetaja Jina Langu

Jumatatu, 6 Juni 1994. Ipinda.

Shingo haijarudi. Nimeamka nikitazama bega la kushoto, kama jana, kama juzi, kama tangu mvua za Machi. Chanzo kinajulikana. Nilitaka kumwonyesha Sedekia, mwenye duka la jirani, kwamba mtu wa umri wangu bado anaweza kujitwisha gunia la mchele bila msaada. Nilijitwisha. Hilo nalo liandikwe. Kilichofuata ni mlio kama wa kijiti kinachovunjika, na tangu hapo nimebaki upande.

Ubaya ni kwamba duka la Sedekia liko kushoto kwangu. Nikisimama kaunta, shingo inatazama kwake. Anawaambia watu kwamba navizia wateja wake. Ni kweli nawaona wote, lakini si kwa kupenda. Leo wameingia wengi. Inauma kuliko shingo.

Na mkono wa kulia. Dole gumba na kidole cha pili vimekufa ganzi. Juzi chupa ya mafuta ya taa ilinidondoka mbele ya mteja. Jana Anyes, mke wangu, aliniwekea mjukuu wetu mapajani. Nikamshika shavu. Sikusikia kitu. Ilikuwa kama kushika ubao wa kaunta. Mtoto akacheka. Mimi nikatazama kando, maana ndiko shingo inakoelekea, na pia machozi yalikuwa yananitoka.

Lakini kuna habari. Daktari Eliud, mzaliwa wa kijiji cha Busale aliyesomea Ujerumani, yuko hospitali ya misheni kwa muda mfupi na mashine yake. Anatibu shingo kwa sindano. Hakuna kisu! Mtu anaingia leo, kesho anarudi kwake kwa miguu. Sedekia anasema ni uongo. Basi ni kweli. Kesho naenda.

Jumanne, 7 Juni.

Nimepata lifti ya pikapu ya mchele. Dereva alidhani namtazama yeye njia nzima, akawa ananijibu maswali ambayo sikuuliza.

Daktari Eliud ni kijana, lakini ana adabu. Ameniamkia Kinyakyusa, ameinama. Akanigonga kiwiko kwa nyundo ndogo, akanichoma vidole kwa pini. Kidole cha tatu niliruka. Dole gumba nilimwambia aanze, kumbe ameshamaliza. Wakanipiga picha zenye dawa, halafu akanieleza.

Kati ya pingili na pingili za shingo kuna diski. Nikasema diski nazijua, nimewahi kuuza za klachi. Akasema hapana, mzee, fikiria kitumbua. Nje kimekaza, ndani laini. Gunia lilikibonyeza, ule ulaini ukasukuma ukuta wa kitumbua mpaka ukavimba, na uvimbe umeukanyaga mshipa wa fahamu unaokwenda vidoleni. Bahati yangu ukuta haujapasuka. Ungepasuka, sindano isingefaa. Ataingiza sindano nyembamba mbele ya shingo huku akiangalia kwenye mashine ya picha, afyonze ulaini kidogo, kitumbua kitulie. Wengi hupona kwa kupumzika tu, alisema, ila mimi miezi imepita na mkono unazidi kulegea. Ukiachwa utakonda, na hisia huenda zisirudi tena.

Nikamfikiria mjukuu. Nikasema nachomwe hata leo. Akacheka, akasema nitaitwa, lakini nisichelewe, maana yeye anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Nikauliza kama nitalazwa usingizi. Hapana. Nitakuwa macho, nimwambie ninachosikia kwenye vidole, na muuguzi atanishika kichwa kisitikisike.

Nikauliza muuguzi yupi. Akasema Sista Nancy, hodari kuliko wote.

Hapo mambo yakaharibika. Nancy ni mkwe wangu! Ni mke wa mwanangu Moses, ambaye siku zote yuko barabarani na lori. Ametoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, lakini mila ni ile ile. Mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hamgusi, hapiti mbele yake, na jina lake halitoki kinywani mwake. Wengi wameacha, siku hizi kila kitu ruksa. Mimi sijaacha. Mwaka jana harusini nilisimama mbele ya watu nikamsema Sedekia kwa kula meza moja na mkwe wake na kupeana naye mikono. Nilisema kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili ili wageni wasikose. Sedekia akajibu kwamba siku nitakayoguswa na mkwe wangu apewe habari haraka, atachinja ng'ombe.

Hamu ya nyama ya ng'ombe huyo sina.

Nilipotoka nikakutana na Nancy kwenye korido. Akachuchumaa nyuma ya mlango, uso chini. Vizuri sana. Nami nikageukia kushoto kumpa nafasi, lakini shingo ilikuwa kushoto tayari. Ikabidi nizungushe mwili wote. Nikazunguka, nikajikuta namwelekea tena. Nikazunguka mara nyingine. Mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatano, 8 Juni.

Sijaitwa.

Nilifika kabla ya wote, nikakaa mwanzo wa benchi. Nancy ndiye anayeita wagonjwa. Anasimama ndani ya mlango, anachukua kadi, anasoma jina. Wakaitwa wa magoti. Wakaitwa wa migongo. Akaitwa bibi mmoja aliyekuja kumsindikiza mwenzake. Kila Nancy alipofika kwenye kadi fulani alinyamaza, akakohoa, akairudisha chini kabisa.

Ilinichukua muda kuelewa. Kadi ile ni yangu. Jina langu ni Ambilikile. Maana yake ni Ameniita. Na Nancy hawezi kulitamka! Si jina tu, hata neno lolote la Kinyakyusa linalofanana nalo halisemi. Nyumbani kwetu hasemi anamwita mtu, anasema anampazia sauti. Anyes aliniambia hivyo zamani nikafurahi. Leo nimekaa benchi siku nzima nikingoja kuitwa Ameniita na mtu ambaye kuita kwenyewe kumemshinda.

Alijaribu, maskini. Akasema, "Baba wa Ipinda." Wakasimama wababa wengi wa Ipinda, na mwenye goti akawahi. Akangoja, akasema, "Mwenye shingo." Benchi zima likasimama.

Nikawaeleza wenzangu sababu. Wote walinisifu. Walisema mkwe mwenye adabu namna hii hapatikani tena upande huu wa ziwa. Mzee mmoja wa Njisi alinipa mkono. Nilijisikia vizuri mno. Halafu mmoja mmoja wakaitwa, wakatibiwa, wakaenda zao, na mimi nikabaki na sifa zangu mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu.

Hata hivyo, mkwe wa namna hii nani anaye? Sedekia hana.

Alhamisi, 9 Juni.

Usiku nilipata akili. Kama jina ndilo linalozuia, nibadili jina. Kuhusu kushikwa kichwa nitajua nikiwa ndani. Nitaomba dresa mwanamume. La kwanza ni kuitwa.

Jina gani? Nikachagua Sedekia. Mtu akisikia Sedekia wa Ipinda ni mgonjwa, duka lake litapoa kidogo. Ndege wawili kwa jiwe moja, nikajisifu.

Nikamwambia karani wa mapokezi kwamba kadi yangu imepotea, na jina langu ni Sedekia, wa Ipinda, mwenye duka. Karani akapekua, akatabasamu, akasema, "Aa, kadi yako ipo." Nikamshukuru Mungu. Sikujiuliza kwa nini ipo. Hili ni kosa dogo, lakini nalikubali.

Nikaitwa mara moja. Sauti ya Nancy, safi kabisa: Sedekia! Nikainamisha kofia, nikapita. Dresa mmoja mnene akanipokea, akanipa gauni la hospitali linalofungwa nyuma, akaniambia nivue suruali. Nikamwambia ugonjwa wangu uko juu. Akasema wazee wote husema hivyo. Akaleta maji ya moto, sabuni na wembe, akaanza kuninyoa mahali ambapo sijanyolewa tangu nizaliwe. Nilishangaa. Nikafikiri labda Ujerumani siku hizi sindano inaingilia chini, inapanda taratibu hadi shingoni. Sayansi imekwenda mbali. Nikamsaidia hata kushika taa.

Halafu nikaona sinia. Juu yake kisu.

Nikamwuliza kisu cha nini. Akasema cha ngiri. Nikauliza ngiri ya nani. Akanionyesha kadi: Sedekia, Ipinda, ngiri.

Sikumbuki nilivyoteremka kitandani. Nakumbuka korido, na upepo, maana gauni lile halifungi vizuri. Nancy alikuwa mlangoni na kadi zake. Aliposikia sauti yangu aligeukia ukutani kabla sijatokeza, akafunika uso kwa kadi. Hata kwenye mbio za ghafla mkwe wangu hakusahau adabu. Na kwa hali niliyokuwa nayo nyuma, namshukuru.

Nje, kwenye ngazi, alikuwa amekaa Sedekia mwenyewe. Alikuja kwa siri. Kumbe ngiri ni yake kweli, na kwa jinsi alivyojificha hajamwambia hata mkewe. Alikuwa anabishana na mlinzi kwa nini aambiwe ameshaingia. Akaniona. Nikamwona. Tukatazamana kwa muda, mimi kwa urahisi kuliko yeye maana alikuwa kushoto. Kila mmoja alielewa kwamba leo hatukuonana. Akavua koti lake akanipa nijisitiri.

Ni koti zuri. Sikumsifia.

Jumamosi, 11 Juni.

Nawashwa. Wembe wa misheni si mzuri.

Mkono umezidi kudhoofika. Leo nimeshindwa kufunga kifungo cha shati, Anyes akanifungia kama mtoto. Wakati anafunga akaniambia nikamwambie Daktari ukweli tu, nilale, Nancy anishike, yaishe. Nikamwuliza na Sedekia je? Na ng'ombe? Na yale niliyosema harusini kwa lugha mbili?

Anyes akamaliza kifungo cha mwisho, akasema, "Baba Moses, mkono huu ni wako au wa Sedekia?"

Ni wangu. Sijui kwa nini aliuliza. Wakati mwingine mke wangu huchanganya mambo.

Hata hivyo maneno yake yamenifungua akili kwa njia nyingine. Tatizo si jina tena. Tatizo ni Nancy kuwapo. Nancy akiondoka, ataita mwingine, atashika mwingine. Kwa hiyo Nancy aende kwao Karonga! Nikamwagiza Anyes amwambie kwamba mama yake mzazi ana hamu ya kumwona yeye na mtoto, avuke mpaka haraka, akae kidogo. Si uongo mkubwa. Mama gani hana hamu?

Nikadhani atakataa. Halafu akasema sawa, atakwenda hospitali mwenyewe kuongea na Nancy, na akiwa huko ataongea na Daktari pia. Alikubali upesi mno hata nikajuta kwamba sikumtumia siku zote.

Jumapili, 12 Juni.

Kanisani. Mahubiri yalikuwa ya unyenyekevu. Nilitamani Sedekia ayasikilize. Baada ya ibada alipeana mikono na mkwe wake palepale mlangoni, mbele ya watu, wakacheka. Niliona yote. Sikuwa na namna ya kutoona.

Vitumbua vya baada ya ibada sikula. Nilipokigusa kimoja kilibonyea, nikahisi shingo.

Jumatatu, 13 Juni.

Ushindi!

Anyes amerudi. Anasema Nancy ameshavuka mto Songwe, na mtoto mgongoni. Daktari Eliud amesema nifike kesho, ataniita yeye mwenyewe kwa kinywa chake, kwa jina langu lote. Atakayenishika kichwa ni sista mwingine. Nikauliza sista gani. Anyes akasema mgeni, hujawahi kumwona uso. Nikauliza anatoka wapi. Akasema mbali. Nikauliza ana tabia gani. Akasema ni mkimya sana.

Anyes alikuwa na uso wa furaha. Anapenda mipango yangu inapofaulu.

Nimepita dukani kwa Sedekia kurudisha koti. Nikamwambia kesho nachomwa sindano ya kisasa, na mila za wazee wetu zitatoka salama. Akauliza kwa upole nani atanishika. Nikasema mgeni. Akasema pole. Sikuelewa pole ya nini, labda ya shingo.

Jumatano, 15 Juni. Hospitali.

Naandika nikiwa kitandani, na naandika kwa mkono wa kulia! Herufi zinapinda, lakini kalamu naisikia. Kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi mbali. Lakini naisikia.

Jana asubuhi Daktari Eliud alitoka mwenyewe mlangoni, akapaza sauti: Ambilikile! Ameniita! Benchi zima likapiga makofi, maana habari zangu zimeenea. Nikaingia kichwa juu, ingawa upande.

Chumba ni baridi. Wote walivaa kijani, kofia hadi nyusi, barakoa hadi chini ya macho. Huwezi kujua nani ni nani. Yule sista mgeni alikuwa amesimama upande wa kichwa, nyuma yangu. Sikumwona ila mikono. Nililazwa chali, kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega. Akanishika kichwa pande zote mbili, taratibu, akakigeuza kidogo kidogo mpaka nikaona dari. Sijaona dari tangu Machi. Ina utando wa buibui pembeni. Ilinipendeza.

Daktari akaniomba nitulie kabisa. Alisema njia ya sindano ni nyembamba, upande mmoja koo, upande mwingine mshipa mkubwa wa damu, na kichwa kikiteleza hata kidogo itabidi aache. Hapo niliogopa. Ninaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: niliogopa sana. Nikaanza kutetemeka. Sista akanikaza zaidi, vidole gumba juu ya paji langu, akawa ananipapasa taratibu kama unavyombembeleza mtoto anayekataa kulala. Nikatulia.

Ganzi ikachoma kidogo. Halafu nilihisi kusukumwa tu, hakuna maumivu. Mashine ikawa inalia. Daktari akauliza kidole cha pili kikoje. Nikasema kimekufa. Akasogeza. Nikahisi umeme kutoka begani hadi kuchani, nikapiga kelele, kichwa hakikutikisika hata unywele. Mikono ile ni chuma! Akauliza tena. Nikasema kinawaka moto. Daktari akasema vizuri, hapo hapo.

Sista hakusema neno lolote. Daktari akimwuliza kitu, anagonga sinia kwa ukucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Nikaelewa kwamba ni bubu. Nikausifu moyo wa misheni kwa kumpa bubu kazi. Nikasema kwa sauti kwamba ingekuwa ni mkwe wangu hapa ningekufa kwa aibu, lakini nimefanya hila amekwenda Karonga. Daktari akasimamisha mashine kidogo, akageukia ukutani, mabega yakamcheza. Alikuwa anakohoa. Baridi ya chumba kile si nzuri kwa kifua.

Jambo moja. Katikati ya kazi mtoto akalia nje kwenye korido. Sauti ni ya mjukuu wangu kabisa! Mikono ya sista ikashtuka kwa nukta moja, halafu ikakaza tena kuliko mwanzo. Mtoto akalia, akalia. Mikono haikuondoka. Baadaye nilimwuliza Anyes, naye akasema watoto wote hulia sawasawa. Ni kweli, mimi mwenyewe sijui kuwatofautisha.

Kisha ikaisha. Sindano ikatoka, wakabandika plasta ndogo, ndogo kuliko stempu ya barua. Nikavalishwa kola laini ya shingo. Daktari akaniambia nichezeshe dole gumba. Nikalichezesha. Nikaligusa kwa kidole cha pili. Vikajuana. Nililia palepale mbele ya watu, na sioni haya.

Ijumaa, 17 Juni. Ipinda.

Niko nyumbani tangu jana. Shingo inatazama mbele. Ni ajabu jinsi barabara ya Ipinda ilivyo na vitu vingi upande wa kulia.

Masharti: kola nisiivue hovyo, nisibebe kitu, nisigeuke ghafla mpaka daktari mwenzake Eliud anayebaki hospitali anipime tena. Gunia, alisema, nimeagana nalo maisha. Nimekubali. Nusu gunia hakulitaja.

Leo asubuhi Daktari Eliud alipita kuaga akielekea uwanja wa ndege. Nikamwambia ndaga fijo mara nyingi. Akasema shukrani nyingine nimpe sista aliyenishika. Alisema alisimama bila kubadili mguu mpaka mikono ikawa inatetemeka, na mtoto wake mchanga alikuwa analia nje, hakwenda. Alisema ni yeye aliyeomba nisitajiwe jina lake. Kwa nini, nikauliza. Daktari akasema, "Kwa heshima yako, mzee." Akaingia garini.

Bubu, mama wa mtoto mchanga, na bado mnyenyekevu! Niliguswa. Nikafungua sanduku la nyuma dukani, nikatoa kitenge kutoka Malawi, cha bluu, chenye kanga weupe wanaodonoa. Kilikuwa kimoja tu, hakuna mwingine mwenye nacho Kyela nzima, nilikuwa nakitunza kwa mteja mkubwa. Nikampa Anyes ampelekee sista. Anyes akakikumbatia kifuani, akasema atampelekea leo leo, hana safari ndefu.

Jioni Anyes akaniletea mjukuu. Amesharudi na mama yake kutoka Karonga. Sikuruhusiwa kumbeba, akalazwa kando yangu mkekani. Nikamshika shavu. Jamani. Ni la moto. Lina unyevu kidogo wa mate, na kipele kimoja kidogo karibu na sikio, ambacho sikukijua. Nilikaa pale nikilishika mpaka akalala. Sikuwa na haja ya kitu kingine chochote duniani.

Jumapili, 19 Juni.

Kanisani nikiwa na kola. Watu wakasimama kuniamkia. Sedekia alinisogelea, anatembea taratibu, miguu imeachana. Kumbe na yeye ameshatengenezwa. Hatukuulizana. Nikamwambia kwa sauti, wengine wasikie, kwamba nimetibiwa kisasa na hakuna mkwe aliyenigusa. Akatazama nyuma yangu, halafu akanitazama mimi, halafu akanipa mkono kwa mikono miwili. Hakusema habari ya ng'ombe. Nimemshinda kabisa.

Nikazunguka mwili mzima polepole, kama nilivyoagizwa, kuona alikuwa anatazama nini. Ni Nancy tu, amechuchumaa kando ya njia kunipa nafasi, amenipa mgongo, mtoto amembeba. Na amevaa kitenge. Cha bluu. Kanga weupe wanaodonoa!

Moyo ukaniuma. Kitenge cha yule bubu! Siku mbili tu tangu nitoe. Njia nzima niliwaza. Kumwibia hawezi, ni binti wa watu wema. Basi amemwomba. Wanafanya kazi pamoja, amekiona, amekitamani, na yule maskini asiyeweza hata kusema hapana akampa.

Mchana nilikuwa nimekaa barazani, Nancy yuko upande wa pili wa ukuta anapepeta mchele. Akanisemesha kupitia ukutani, uso wake sikuuona. Hajawahi kufanya hivyo. Alisema, "Taata, usigeuke kwa haraka kama pale kanisani. Ukisikia umeme mpaka kuchani kama siku ile, uje hospitali usingoje."

Nilimshukuru ukutani. Nikashangaa pia. Mtu alikuwa Karonga, lakini umeme wa kuchani anaujua! Kweli wauguzi wote wamesoma kitabu kimoja.

Anyes alipoleta chai nikamweleza habari ya kitenge. Nikamwomba amwonye Nancy kwa upole, asiwe na tabia ya kuwaomba wenzake vitu, hasa wenye shida ya kusema. Nikamwambia pia kwamba nitatafuta kitenge kingine nimpe yule sista, na safari hii apewe kwa siri, Nancy akiwa kazini ili asijue.

Anyes aliweka birika chini. Akakaa. Akashika ubavu, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema atamwonya.

Amekwenda huko nyuma sasa hivi. Nawasikia wanacheka wote wawili, wanacheka mpaka ungo umeanguka. Nimefurahi. Maonyo yakitolewa kwa upole hupokelewa vizuri, na nyumba yangu ina amani, na yote haya nimeyapanga mwenyewe.